Cheo Kiachwe Mlangoni

Kila mwaka, katika ofisi za Serikali na katika shule zetu, hufanyika sherehe ambayo sote tunaijua. Mtumishi aliyetimiza umri wa kustaafu huketishwa mbele pamoja na mwenzi wake, husomewa risala, hukabidhiwa zawadi ya mabati au saa ya ukutani, kisha wenzake hula pilau na kutawanyika. Jumatatu inayofuata ofisi hufunguliwa kama kawaida. Kiti chake kina mtu mwingine, na yeye yuko barazani kwake anangoja mafao. Kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa mtu wa kutafutwa na wananchi tangu alfajiri. Sasa hukaa mpaka magharibi bila ya mtu kubisha hodi.

Ndiyo maana tunawaunga mkono kwa moyo wote wastaafu ambao katika wilaya mbalimbali hukutana na kuunda vyama vya udugu na kusaidiana. Ni kazi njema, na inastahili kufanywa vizuri. Chama hakisimami kwa orodha ya majina wala kwa fulana zenye nembo. Husimama kwa katiba yake, na katika kuandika katiba ndiko makosa mengi hutendeka, tena na watu walioishi maisha yao yote kwa nyaraka na kanuni. Tungependa kusema neno juu ya jambo hilo wakati wino haujakauka.

Watumishi wa Serikali wa nchi hii si wageni wa kazi ya kuunda vyama. Mwezi Machi 1922, mjini Tanga, karani Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Walikuwamo Waislamu na Wakristo, na watu waliotoka pande mbalimbali za nchi, ambao kabla ya hapo kila mmoja alijitambua kwa dini yake, shule yake au kabila lake. Walicheza mpira, walisoma magazeti pamoja na kujielimisha. Kwa mtazamaji wa juu juu lilikuwa jambo dogo la makarani na walimu. Lakini mwaka 1929 African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam, mwalimu Cecil Matola akiwa rais wake na Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli, akiwa katibu, mazoea ya kuitisha mkutano, kuandika muhtasari na kutunza daftari la michango yalikwisha kujengeka. Kutokana na chama hicho ikatoka TAA, na kutokana na TAA ikazaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mkoloni aliyaona hayo mapema. Mwaka 1953 aliwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa TAA. Mpira wao haukumsumbua. Kilichomsumbua ni daftari lao.

Basi wastaafu wa leo wanaokaa chini kuandika katiba wanashika kalamu iliyokwisha kushikwa na wakubwa wao. Hata hivyo, mara nyingi kalamu hiyo hunakili. Mtu mmoja hupewa kazi ya kutafuta mfano, naye huleta katiba ya chama kingine, jina hufutwa na jina jipya huandikwa. Humo mna madhumuni kumi na manne, tangu kuhifadhi mazingira hadi kushirikiana na mashirika ya kimataifa, na mna vyeo vya wakurugenzi na maofisa uhusiano, ilhali wanachama wenyewe ni ishirini na mbili na watatu kati yao hawawezi kutembea bila fimbo. Si ajabu kukuta katiba ya wastaafu wa Serikali yenye kifungu juu ya bei ya pamba, kwa kuwa aliyenakili hakusoma mpaka mwisho.

Katiba ya umoja wa wastaafu yafaa iwe fupi, na iandikwe kwa kutazama nyuso za watu watakaoishi nayo. Tunayo mambo machache tunayoyaona kuwa ndiyo roho yake, na lililo zito kuliko yote ni cheo.

Mtumishi anapostaafu hurudisha gari, funguo na mhuri. Cheo hurudishwa kwenye karatasi tu. Aliyekuwa mkuu wa idara akiingia katika mkutano wa wastaafu hutafuta kiti cha mbele kwa macho, na aliyekuwa tarishi wake huinuka upesi kukipangusa vumbi kiti hicho. Hakuna aliyewaamuru. Ni mazoea ya miaka thelathini, na mazoea hayastaafu kwa barua. Matokeo yake huonekana siku ya uchaguzi wa kwanza. Mwenyekiti huwa yule aliyekuwa mkubwa kazini, katibu huwa aliyekuwa msaidizi wake, na mweka hazina huwa mhasibu wao. Umoja huo huwa ile ofisi ya zamani, pungufu ya mishahara. Madereva, wapishi wa shule, wahudumu wa hospitali, walinzi na makarani wa masjala hukaa viti vya nyuma, hulipa ada mara mbili tatu, kisha hawaonekani tena. Na hao ndio wengi, ndio wenye pensheni ndogo, na ndio wanaouhitaji umoja zaidi kuliko yule aliyeketi mbele.

Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikemea majivuno na dharau za viongozi kwa wale wanaowaongoza, na wafanyakazi wa wakati ule walikishika kifungu hicho na kukitumia viwandani. Wengi wa wastaafu wa sasa walikuwa wanafunzi au vijana wadogo Mwongozo ulipotolewa. Waliukariri shuleni. Itakuwa jambo la ajabu kama watu hao hao, wakiwa hawana tena wa kumwamuru, wataandika katiba inayowapa wachache fursa ya kuendeleza unyapara katika uzee.

Kwa hiyo tunapendekeza kifungu kinachosema wazi kwamba ndani ya umoja hakuna cheo cha zamani. Kila mwanachama aitwe Ndugu, au kwa umri wake, Mzee, Mama, Bibi, kama tunavyoitana mitaani. Asiitwe mtu Mheshimiwa wala Mkurugenzi Mstaafu katika muhtasari wa mkutano. Jina la Mwalimu tunaliachia, maana kwetu Mwalimu si cheo. Kadhalika katiba iseme kwamba katika kamati ya utendaji sharti wawemo watu waliotoka katika kada za chini, nao wasiwe wa kupamba orodha, na kwamba hakuna atakayeshika uongozi kwa zaidi ya vipindi viwili vya miaka miwili miwili. Vipindi vifupi vina maana kwa watu wa umri huu, kwa sababu ugonjwa hauna miadi. Na tunashauri pasiwe na cheo cha mlezi hata kidogo. Tumeona vyama vingi ambavyo mlezi wake alipohama wilaya, navyo vilihama naye.

Yapo maneno yanayosemwa dhidi ya hoja hii. Yasemwa kwamba aliyekuwa mkubwa anajua njia za ofisi, barua yake hujibiwa, na kwamba tarishi hawezi kuingia kwa Mkuu wa Wilaya kudai haki ya mjane. Kuna ukweli katika hayo. Lakini ujuzi huo anaweza kuutoa akiwa mwanachama wa kawaida aliyetumwa na mkutano, arudi na kutoa taarifa. Tofauti ya kutumwa na kutawala si ndogo. Na kama kuna ofisi ya umma ambayo hujibu barua ya mwenye jina na kuiacha ya asiye na jina, hilo ni kosa la ofisi hiyo, na dawa yake si kuandika majina makubwa kwenye karatasi za wastaafu.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako vyama hufia.

Tangu Julai 2015, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina kilikuwa takriban shilingi 100,000 kwa mwezi. Anayepanga ada ya umoja na akumbuke kwamba wapo watu walioishi kwa kiasi hicho, wakanunua dawa za presha, na kumlipia mjukuu daftari. Ada iwe moja kwa wote na ipimwe kwa kipato cha aliye chini kabisa. Asiyeweza kulipa kwa muda asisomwe jina lake hadharani. Alijue mweka hazina na mwenyekiti peke yao, na haki zake zisikatwe. Mwenye uwezo zaidi anaweza kuchangia zaidi, lakini mchango huo uingie katika mfuko mmoja bila kumpa kura ya pili wala kiti cha pembeni.

Mapato na matumizi yasomwe kila mkutano, kwa sauti, shilingi kwa shilingi, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Fedha zikae benki na zitolewe kwa saini tatu. Wakaguzi wachaguliwe na mkutano mkuu kutoka miongoni mwa wanachama wasiokuwa katika kamati. Wastaafu wana bahati ambayo vyama vingi havina: miongoni mwao wamo wahasibu na wakaguzi waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Hawana udhuru wa vitabu vichafu.

Juu ya mikopo, msimamo wetu ni mkali zaidi, na tunajua utawaudhi baadhi ya wasomaji. Umoja wa udugu usikopeshe. Mwanachama akikopa kwa ndugu zake na akashindwa kulipa, huacha kuhudhuria kwa aibu, na umoja humpoteza wakati ule ule anapouhitaji. Tena, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kikundi chochote kinachokusanya akiba na kutoa mikopo kina masharti yake ya kusajiliwa na kusimamiwa, na chama cha ushirika wa akiba na mikopo kina masharti mengine. Wanaotaka kuwekeana akiba na kukopeshana waunde chombo cha namna hiyo kando, chenye vitabu vyake na viongozi wake. Watu wanaweza kuwa wanachama wa vyote viwili. Yasichanganywe tu katika daftari moja.

Tunajibiwa kwamba bila mikopo hakuna atakayejiunga, kwa kuwa mstaafu ana shida ya fedha leo na si ya mazungumzo. Shida hiyo ni ya kweli. Wapo wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba yake ya siri, wakawa wao ndio wanaopokea pensheni na kumgawia mwenye haki kilichobaki. Wananchi wameipa mikopo hiyo jina lake, kausha damu, na jina limefaa. Lakini mtazame aliyenaswa humo. Mara nyingi alikopa kwa siri, usiku, kwa jambo ambalo angelisema mapema mbele ya watu watano anaowaamini wangelimzuia au wangelimchangia. Aliyemkosa ni mtu wa kuongea naye. Udugu ungelimkinga kabla riba haijaanza kuhesabiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mafao ya mkupuo, ambayo wazee wetu waliyaita kiinua mgongo. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa ukapatikana Mfuko wa PSSSF, na kanuni ya kukokotoa mkupuo ikawa jambo la mjadala mkubwa nchini. Mwaka 2022 kiwango kiliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali, baada ya kusikia kilio cha wafanyakazi, ikakipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani kundi lao lililipwa asilimia 50. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kulisemea jambo hilo na watazidi kulisemea. Lakini ni machache yanayosemwa juu ya miezi sita inayofuata fedha kuingia benki. Ndugu waliopotea huonekana. Huja mwenye kuuza kiwanja ambacho si chake, huja mwenye mashine ya kusaga nafaka iliyochoka, huja kijana mwenye biashara ya kuzidisha fedha mara tatu. Mwalimu aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini na tano hujikuta hana kitu kabla ya mvua za mwaka wa pili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kifungu ambacho hatujakiona katika katiba nyingi: kwamba mtumishi aliyebakiza miaka miwili kustaafu aruhusiwe kuhudhuria mikutano kama msikilizaji, bila ada na bila kura. Akae na waliostaafu miaka mitano iliyopita, awasikie wakieleza walichofanya na fedha zao, pamoja na walichopoteza. Semina za wataalamu zina faida yake, ila mtaalamu hawezi kukuambia ni nani katika mji wenu anauza kiwanja kimoja kwa watu wanne.

Jambo jingine ni mazishi. Karibu kila katiba tunayoijua ya vyama vya namna hii ina kifungu kirefu juu ya kifo: rambirambi kiasi gani, sanda au jeneza, usafiri wa kilometa ngapi, mke wa pili anahesabiwaje. Juu ya mwanachama aliye hai na mgonjwa pana mstari mmoja tu. Hatusemi watu wasizikane. Kuzikana ni ada yetu na hakuna wa kuifuta. Twasema tu kwamba mzee aliyelala kitandani miezi minane bila kutembelewa hafaidiki na shada la maua.

Katiba iweke wajibu wa kutembeleana kuwa sharti la uanachama, sawa na ada. Umoja ugawanywe katika vikundi vidogo kwa mitaa au vijiji, na kila kikundi kihakikishe kwamba hapiti mwezi mwanachama asiyetoka nyumbani hajaonwa na mwenzake. Anayetembelea asiende mikono mitupu wala asiende kuhoji. Amsaidie kwa mambo madogo ambayo kwa mzee ni makubwa: uhakiki wa wastaafu, ambao siku hizi hufanywa hata kwa simu ya mkononi na kuwashinda wasioona vizuri, kadi ya bima ya afya, barua ya benki iliyoandikwa kwa maneno magumu.

Na nyaraka. Hapa hatuna budi kuwakumbuka waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na mkataba wa kugawana mali na madeni yake ukatiwa saini Arusha mwaka 1984. Kwa wafanyakazi wake wa upande wa Tanzania suala la malipo liliendelea miaka na miaka, likafika Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano na Serikali yakapatikana Septemba 2005. Madai yalihusu watu zaidi ya elfu thelathini. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita, na wengi walikwisha kufariki. Mtu mmoja mmoja asingeliweza kulifikisha jambo lile mahakamani. Na pale malipo yalipofika, barua ya ajira ya zamani, iliyohifadhiwa katika sanduku la bati na mtu mwangalifu, ilikuwa na thamani kuliko shamba. Basi kila umoja uwahimize wanachama wake kutunza nakala za barua zao za ajira, za kupandishwa vyeo na za kustaafu, na kila mmoja aandike ni nani ajulishwe akifa na nyaraka ziko wapi. Mjane asianze kuzitafuta siku ya arobaini.

Tumemtaja mjane, na awekwe katika katiba kwa jina lake. Mwanachama akifariki, mke au mume aliyebaki aendelee kuwa mwanachama kamili akitaka, mwenye kura. Vyama vingine humpa rambirambi na kumwaga. Baada ya kupika chai ya mikutano yao kwa miaka kumi, hiyo si heshima.

Kuhusu usajili hatuna mengi. Watu kumi wanatosha kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili yuko katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria hiyo asili yake ni ya mwaka 1954, mwaka ule ule wa TANU, na mkoloni aliitumia kuyabana matawi ya TANU. Leo ni ya kutulinda sisi wenyewe, nayo yafaa ifuatwe bila kukawia.

Mwisho ni siasa, na gazeti la Chama halina sababu ya kulikwepa. Mstaafu asiulizwe kadi ya chama chochote anapojiunga. Katika miaka yake ya kazi alimhudumia kila raia, na baraza la wastaafu liendelee hivyo. Wakati wa uchaguzi watakuja wagombea na mipira ya viti, sukari na bahasha, na hatutasema kwamba watatoka upande mwingine tu. Watatoka kwetu pia. Katiba ikataze mikutano ya umoja kuwa jukwaa la mgombea yeyote, na ikataze kiongozi wa umoja kugombea nafasi ya siasa kabla ya kujiuzulu. Chama chetu hakipungukiwi kitu kwa katazo hilo, na wale wenzetu watakaolinung'unikia tungependa kuzisikia sababu zao.

Imebaki haja ya mahali pa kukutania. Ukumbi wa kukodi hula ada yote ya mwaka, na sebule ya mwanachama mwenye nyumba kubwa hurudisha kile cheo tulichokiacha mlangoni. Madarasa ya shule zetu huwa matupu Jumamosi alasiri. Walimu wakuu wanaosoma safu hii, ambao baadhi yao wamebakiza miaka michache tu, wanaweza kuzungumza na kamati zao za shule kabla ya muhula ujao kuanza. Kinachohitajika ni chumba kimoja, madawati, na mtu wa kufungua mlango saa nane.